Namba za Ndani

Ijumaa ile, chai haijapoa, Mikdad aliwakalisha wanawake wa nyumba yao uani akaanza kuwasomesha mtandao. Alikuwa ameshavaa kanzu, ingawa sala yenyewe ilikuwa mbali, na mkononi ameshika mwiko wa mama yake kama fimbo ya mwalimu. Ubao hakuwa nao. Alichora hewani.

“Nyumba ni moja,” alisema, “na waya unaoingia ni mmoja. Lakini mimi nimeugawa mtandao mafungu matatu. Kuna Ukumbini, huo wa wageni. Kuna Kazini, huo wa printa na kamera na mashine zangu. Na kuna Ndani, huo wenu. Mgeni wa Ukumbini hawezi kuchungulia Ndani, na wa Ndani hamwoni wa Kazini. Wenyewe tunaita VLAN.”

“Wenyewe kina nani?” aliuliza Bi Biubwa, mama yake. Alikuwa anapepeta mchele wala hakuinua uso.

“Mafundi, mama.”

“Haya.”

“Sasa, kila simu ikiingia lazima ipewe namba, bila namba haiendi popote. Na anayegawa namba ni mmoja tu, lile boksi langu jipya pale ukumbini. Kazi yake hiyo inaitwa DHCP. Simu ya Ndani inapewa namba yenye ishirini katikati. Ya mgeni ina kumi, ya Kazini ina thelathini. Mimi nikiiona namba tu, nimeshajua huyu ni wa wapi.”

Shangazi Somoe, dada wa marehemu baba yake, alikuwa mtu wa kuelewa mambo haraka akiyaleta kwenye chakula. “Si kama kwenye shughuli?” alisema. “Kuna sinia za wanaume, kuna za wanawake, kuna za wapishi. Na mgawaji mmoja, anajua ipi inakwenda wapi.”

“Hapo hapo, shangazi! Umenimalizia kazi.”

“Na televisheni iko fungu gani?” aliuliza Bi Biubwa.

“Televisheni? Iko Ndani.”

“Kwa hiyo mimi na televisheni fungu moja.”

Mwaija, mke wa Mikdad, aliinamia vitunguu vyake ili kicheko kionekane ni machozi. Siku nyingine angecheka waziwazi. Leo alikuwa na lake moyoni, tena zito. Baada ya sala alikuwa anakuja kula nao Abdullatif, rafiki wa marehemu baba mkwe wake, aliyejenga nyumba ya wageni kule Mlingotini na kutafuta fundi wa kumtandikia mtandao na kuutunza. Alikuwa amesema wazi kwamba hataki kusomewa maelezo, anataka kuona kazi ikifanya kazi. Mikdad hakuwa na kazi nyingine ya kumwonyesha ila nyumba ya mama yake, hapa Dunda.

Abdullatif akiridhika, Mikdad atakuwa anakwenda Mlingotini asubuhi na kurudi nyumbani jioni kama waume wengine. Asiporidhika, Jumapili ataondoka na rafiki yake Twalha kwenye kampuni ya kuvuta nyaya mikoani, kazi ya kuonana na mke sikukuu hadi sikukuu. Walikuwa hawajatimiza mwaka tangu waoane, na katika muda huo Mwaija alikuwa amejua Bi Biubwa anapenda chumvi kiasi gani, analala ubavu upi na anakohoa vipi akitaka kuitwa. Ya mumewe alikuwa bado anayabahatisha.

Mikdad aliporidhika na somo lake, alirudisha mwiko, akapita mlango kwa mlango kunyoosha vikaratasi alivyobandika juu ya kila tundu la waya, kisha akatoka kwenda kununua soda.

*

Alipotoka tu, wanawake waliingia ndani, na Bi Biubwa akatoa simu yake chini ya khanga.

“Mwaija, njoo uniangalizie. Jina la baba yenu limetoka.”

Mwaija alitazama. Zamani, kwenye orodha ya mitandao, la kwanza lilikuwa BWANAUSI. Mzee mwenyewe ndiye aliyenunua boksi la kwanza, akalipa jina lake kwa herufi kubwa, akasema jirani akiona ajue nyumba hii ina mwenyewe. Mzee alifariki, boksi likaendelea kuwaka, na jina likabaki kwenye simu ya mkewe, asubuhi na jioni. Juzi Mikdad alipoweka mitambo mipya, boksi alilitoa. Sasa pale palikuwa pameandikwa NDANI.

“Mikdad amebadilisha, mama. Ni mtandao ule ule, jina tu.”

“Mimi ndilo ninalolitaka, jina tu.”

Bi Biubwa alikwenda chumbani, akafungua sanduku, akarudi na boksi la marehemu limefungwa kwa kitambaa kama kitu cha kurithisha. Waya wake ulikuwa umezungushwa vizuri. Juu ya kabati la vyombo, upande huu wa wanawake, Mikdad alikuwa ameweka kisanduku cha matundu mengi, ambacho kila waya wa huku ndani unapitia. Tundu moja lilikuwa tupu.

“Mama,” alisema Mwaija, taratibu, “si amesema anayegawa ni boksi lake peke yake?”

“Kwani mimi nagawa? Nimeshika sinia hapa? Shika kiti hicho kisiyumbe.”

Mwaija alimtazama shangazi Somoe. Shangazi Somoe alikuwa ameanza kuhesabu boriti za dari. Basi Mwaija akashika kiti. Bi Biubwa alipanda, akachomeka umeme, akachomeka waya, taa ya kijani ikawaka. Alilifunika boksi kwa kitambaa cha kufuma lisiingie vumbi, akashuka, akatazama simu yake. BWANAUSI. Hakutabasamu. Aliirudisha simu chini ya khanga kama mtu aliyesikia mlango ukifunguka, akajua mwenyewe amerudi salama.

“Haya,” alisema. “Nazi hizo hazijikuni.”

*

Abdullatif alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye ndevu zilizochanwa. Alipiga hodi, akaingia ukumbini na Mikdad, na kabla hajakaa akasalimia kuelekea kwenye pazia linalotenganisha ukumbi na ndani.

“Shemeji, hamjambo huko?”

“Hatujambo, Abdullatif. Karibu sana. Hapa ni kwako.”

“Shikamoo, ami,” alisema Mwaija.

“Marahaba, mwanangu. Harufu hiyo nimeikuta tangu kona ya msikiti, nikaomba dua iwe ndiyo ninakokwenda.”

Pilau ikapita chini ya pazia, na kachumbari, na sahani ya ndizi. Wanawake walikaa upande wao na sinia yao. Mtu asiyejua angedhani wanakula. Kwa kweli walikuwa wanasikiliza, na vijiko vyao vilikuwa vinagusa sinia kwa adabu tu.

Mwanzo ulikwenda kama maji. Abdullatif alipewa paswedi ya Ukumbini, simu yake ikashika papo hapo, na Mikdad akamwonyesha namba yake. “Unaona, ami? Kumi katikati. Wewe ni mgeni. Hata ukitaka kuingia kwenye printa yangu, huwezi.”

“Sitaki printa yako.”

“Mfano tu, ami.”

“Vizuri. Huu wa wageni nimeuona, mzuri. Sasa nionyeshe ule wa wenyeji. Maana kwangu wageni wanakuja na kuondoka. Mpishi, dobi, msichana wa mapokezi, hao ndio wa kila siku.”

“Huo ndio rahisi kabisa,” alisema Mikdad, na Mwaija upande wa pili akamwomba Mungu mumewe asiseme neno *kabisa* kabla kitu hakijatokea. Mikdad alifungua laptopu, akachagua NDANI bila kutazama majina mengine. Ikashika. Akafungua ukurasa. Ukurasa ukabaki mweupe.

“Inavuta,” alisema Mikdad.

Waliisubiri ivute. Abdullatif alikula ndizi.

“Kidogo tu, ami. Labda umeme.”

“Taa inawaka.”

“Umeme wa kule unakotoka.”

Akatoa, akaunganisha tena. Safari hii ikafunguka, Mikdad akavuta pumzi. Akaunganisha simu yake nayo, simu ikagoma. Akairudia laptopu kuhakikisha. Na yenyewe ikagoma. Kuna nyakati inakubali, kuna nyakati inakataa, kama mtoto anayeitwa na watu wawili. Jasho lilianza kumtoka Mikdad kwenye paji la uso, na kanzu ile aliyoivaa tangu asubuhi ikaanza kumbana shingoni.

Hapo ndipo alipofanya kosa lake mwenyewe, ambalo halina wa kusingiziwa. Badala ya kutulia akatazama namba, aliingia kwenye mipangilio ya boksi lake jipya na kuanza kubadilisha vitu ambavyo vilikuwa vizima. Alifuta hiki, akarudisha kile, akageuza kile kingine, huku akizungumza peke yake kwa Kiingereza. Alipomaliza, Ndani haikuwa imepona, na Ukumbini napo pakafa.

“Mwanangu,” alisema Abdullatif, “na hii yangu sasa inazunguka.”

“Inazunguka vipi?”

“Inazunguka tu. Kama mtu aliyepotea sokoni.”

Halafu Mwaija akasikia Abdullatif akisema kwa upole, upole ule unaochoma kuliko kelele, “Basi usihangaike. Naweka bando langu.”

Bi Biubwa aliweka kijiko chini. Shangazi Somoe alijifunika mdomo. Katika nyumba hii mgeni hajawahi kunywa maji aliyokuja nayo, seuze bando. Mwaija aliona kama Jumapili imesogea ikakaa nao kwenye sinia.

Aibu ile ndiyo iliyomtuliza Mikdad. Alirudisha mipangilio yake kama ilivyokuwa, Ukumbini pakafufuka, kisha akafanya lile ambalo angepaswa kulifanya mwanzo. Alitazama namba ya laptopu. Akaikodolea macho.

“Hii namba sikuitoa mimi,” alisema.

“Vipi?”

“Namba za Ndani zina ishirini katikati. Hii ina moja. Ami, kuna mwingine anagawa namba humu. Simu ikiomba, anayewahi kujibu ndiye anayesikilizwa. Akiwahi wangu, inafanya kazi. Akiwahi huyo, anaipa namba ya kwake na kuielekeza njia isiyokwenda popote.” Akageukia pazia, akapaza sauti. “Jamani huko ndani! Kuna mtu amechomeka kitu chochote?”

Mwaija alimtazama Bi Biubwa. Bi Biubwa alitazama pilau. Shangazi Somoe alitazama dari, ambayo leo ilikuwa imepata kutazamwa kuliko mwaka mzima. Juu ya kabati, chini ya kitambaa cha kufuma, taa ya kijani ilikuwa inapepesa.

Mwaija akisema “ni mama,” amemvua nguo mkwe wake mbele ya mgeni, na mgeni mwenyewe ni mtu wa mjini, mpaka Alasiri Dunda nzima itajua Bi Biubwa kamharibia mwanawe riziki. Akinyamaza, Mikdad ataendelea kutafuta mpaka Abdullatif ashukuru kwa chakula na aende zake. Mwaija aliona njia moja tu, na haikuwa nzuri.

“Mimi,” alisema.

“Wewe?”

“Nimechomeka lile boksi la zamani. Lipo juu ya kabati.”

“Mwaija!” Ilikuwa sauti anayoitumia kwa paka akiingia jikoni. “Asubuhi nzima nimewaeleza nini? Mgawaji ni mmoja! Shangazi kaelewa, wewe uliyesikia mara ngapi hukuelewa?”

“Basi, basi,” alisema Abdullatif. “Mtoto hakujua.”

Lile la mumewe lilimuuma Mwaija. Lile la “mtoto hakujua” likaja kukaa juu yake. Alinyoosha mkono aitoe kachumbari iliyobaki, apate la kufanya, na mkono ukashikwa. Bi Biubwa alikuwa amesimama. Alijitanda vizuri, akalisogelea pazia, akakohoa.

“Abdullatif.”

“Labeka, shemeji.”

“Aliyechomeka ni mimi.”

Akaendelea kabla mwanawe hajafungua mdomo.

“Huyu mtoto wa watu ana adabu tu, kanisitiri. Alinikataza, nikamwambia shika kiti. Na wewe Mikdad, usimpigie kelele mkeo mbele ya watu, marehemu baba yako hakupata kunipigia kelele mbele ya mtu, na sababu nilimpa nyingi.”

“Lakini mama, kwa nini?”

“Umelitoa jina la baba yako. Umeniwekea NDANI, kama bango la mlangoni. Nilitaka jina lake nilione.”

“Ungeniambia tu, mama! Jina ni kitu cha kuandika. Nalihamishia kwenye mtandao mpya sasa hivi, dakika moja.”

“Uliniuliza?”

Abdullatif alikuwa ameitoa simu yake kanzuni, anaitazama kwa mbali, kama watu wa umri wake wanavyotazama.

“Mimi nililiona tangu nilipokaa,” alisema polepole. “Bwanausi. Nikasema macho yangu haya, au ni njaa. Nikaona aibu kuuliza.”

Nyuma ya pazia shangazi Somoe akapenga kamasi kwa nguvu, na wote wakashukuru.

*

Boksi lilipochomolewa, Mikdad alidhani mambo yamekwisha. Alianza kufunga laptopu. Abdullatif akaiwekea mkono juu.

“Ngoja. Swali langu bado. Kwangu kuna mpishi. Mpishi huyo akija na boksi la kwao, akalichomeka jikoni apate muziki, itakuwaje?”

“Kuna kufuli, ami. Yaani unaiambia mitambo, namba zipokewe kutoka tundu fulani tu. Boksi jingine likijaribu kugawa, linanyamazishwa pale pale. Ukumbini nimeweka. Kazini nimeweka.”

“Na Ndani?”

Mikdad alijikuna shingo. “Ndani sikuweka.”

“Kwa nini?”

“Kile kisanduku cha huko lazima kwanza ukichomekee waya mwenyewe, ukae nacho. Na kila nikitaka kuingia, ami, huko kuna shughuli. Leo wanasukana. Kesho majirani wamekuja kupakana hina. Keshokutwa bibi harusi wa watu anasingwa mwili. Nikibisha wananiambia baadaye. Nikasema potelea mbali, huko ni kwa mama, nani atachomeka?”

Nyuma ya pazia shangazi Somoe alicheka mpaka akashika ukuta. Abdullatif naye tumbo likaanza kumtikisika.

“Kwa hiyo wageni umewafungia, wenyeji ukawaachia wazi.”

“Niliwaamini, ami.”

“Sasa sikiliza. Ingia huko ukafunge. Na shemeji, nakuomba, wiki nzima kuanzia leo chomeka chochote unachokipata. Maboksi, pasi, usimwonee huruma. Mtandao ukiendelea kusimama, Ijumaa ijayo Mikdad anakuja Mlingotini na vifaa vyake. Fundi aliyekuweza wewe, mpishi wangu hamsumbui.”

“Na usiposimama?” aliuliza Mikdad.

“Usiposimama nimekula pilau, sina hasara.” Akainuka, akaaga, akashukuru. Mlangoni aligeuka. “Mwaija, mwanangu. Ulilisema lile neno vizuri. Nikakuamini kabisa.”

“Ahsante, ami,” alisema Mwaija, asijue kama amesifiwa au amekanywa.

*

Mikdad alifunga upande wa ndani jioni ile ile. Majirani waliokuja kusukwa walihamishiwa chumba cha shangazi Somoe, wakakaa wanasikiliza mlangoni, na kila baada ya muda mmoja wao akauliza kwa sauti ya huruma kama fundi ameshamaliza au wanyoe tu. Mikdad aliandika, akajaribu, akamwita mama yake alete boksi. Bi Biubwa alichomeka kwa moyo wote. Simu zikaendelea kupewa ishirini. Alijaribu tundu jingine, na jingine, na alipoona yote yamemkatalia alionekana hajui afurahi au anune.

Wiki moja ilikuwa bado mbele, na Twalha alikuwa anataka jibu kabla ya Magharibi. Mikdad alisimama kizingitini na simu mkononi. Mwaija alikuwa anaosha masinia.

“Nikimwambia siendi,” alisema Mikdad, “na wiki hii tukashindwa, nimekosa huku na huku.”

“Ndiyo.”

“Wewe unasemaje?”

Lilikuwa swali dogo. Mwaija hakukumbuka kama aliwahi kuulizwa. Alisuuza sinia, akalisimamisha ukutani lichuruzike maji, akajifuta mikono, maana jibu hakutaka kulitoa na povu.

“Mimi nasema ubaki. Tukishindwa, tumeshindwa ukiwa hapa. Na lile la mchana, la kunikemea kama paka, hatujalimaliza. Siwezi kulimaliza kwa simu.”

Mikdad aliinamisha kichwa. Halafu akapiga simu. Alianza kwa sauti ya chini, akamwambia Twalha asimhesabu Jumapili. Twalha lazima aliuliza sababu, kwa kuwa sauti ya Mikdad ilianza kupanda, na kanzu ikamkaa tena vizuri mabegani.

“Kaka, ilikuwa kazi nzito! Nikaona namba siielewi. Mtu mwingine angepagawa. Mimi nikatulia. Nikasema, hapana, humu kuna mgawaji wa pili. Nikamfuatilia, tundu kwa tundu, mpaka nikamkamata juu ya kabati!”

Bi Biubwa, aliyekuwa kwenye mkeka anasuka ukili, alifungua mdomo. Mwaija aliketi karibu yake, akamgusa goti.

“Mwache, mama,” alinong’ona. “Mwache amkamate.”